Usalama wa Mikusanyiko Yetu: Programu Ipange Milango, Isichague Nyuso

Msafiri wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi anaifahamu vyema Mackinnon Road. Kando ya reli, katika nyika ya Kinango, upo msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, msimamizi wa vibarua aliyetoka Bara Hindi wakati wa ujenzi wa reli ya Uganda. Mabasi na malori husimama, na abiria hushuka kwa dua na sadaka, akina mama wakiwa wamebeba watoto wao. Mahali kama hapa, pamoja na viwanja vyetu vya Idd na Maulidi kuanzia Diani hadi Msambweni, hutulazimisha kujiuliza: nani anatupangia usalama, na kwa kipimo gani?

Ndugu zetu wasomaji, hofu hii haikuzuliwa. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 watu walikusanyika mjini Kampala kutazama fainali ya Kombe la Dunia. Mabomu yakalipuka katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa mmoja wa Kihabeshi, na zaidi ya watu 70 wakapoteza maisha. Septemba 2013 watu 67 waliuawa Westgate, Nairobi, Waislamu wakiwa miongoni mwao. Si ajabu, basi, kwamba wapangaji wa mikutano mikubwa duniani sasa hutumia programu za kompyuta.

Programu hizo hufanya nini? Nyingi huchora ramani ya uwanja, kisha huwatia ndani watu wa kubuni, kila mmoja na mwendo wake: kijana mwepesi, mzee mwenye bakora, mama aliyebeba mtoto. Mpangaji hufunga lango moja, hubuni mlipuko upande wa pili, kisha hutazama watu watakimbilia wapi na watasongamana wapi. Kosa likionekana kwenye kompyuta, hurekebishwa kabla ya mtu wa kweli kuumia.

Mfano ulio karibu na nyoyo zetu ni Mina. Tarehe 12 Januari 2006 zaidi ya mahujaji 340 walikufa katika msongamano kwenye daraja la Jamarati. Wataalamu walizichunguza picha za video kwa kompyuta, wakaona jinsi umati uliobanana kupita kiasi unavyosukumwa kama mawimbi, mtu asiweze tena kuamua hatua yake. Daraja la zamani likabomolewa, likajengwa jingine la ghorofa kadhaa, njia za kuingilia zikatengwa na za kutokea. Hata hivyo, mwaka 2015 mamia ya mahujaji walikufa katika njia nyingine za Mina. Programu husaidia, lakini haimalizi kazi.

Msiba wa Mina haukuwa wa ugaidi, ila fundisho lake latuhusu, kwani hofu huua hata pasipo gaidi. Siku kumi baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, hitilafu ya umeme ilileta mlipuko kabla ya mapambazuko katika bewa la Kikuyu la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi walidhani wamevamiwa, na baadhi yao wakaruka madirishani. Mmoja alifariki na zaidi ya mia moja wakaumia.

Sasa tuitazame mikusanyiko yetu. Wanawake na watoto hutengewa upande wao, na mara nyingi upande huo una mlango mmoja mwembamba, viatu vimerundikana kizingitini. Programu haitaujua mlango huo wala viatu hivyo mpaka mtu aiambie. Na ikiwa kikao cha kupanga kina wanaume peke yao, nani ataiambia?

Liko jambo la pili, zito zaidi. Baada ya Westgate, serikali ya Kenya iliipa kampuni ya Safaricom kazi ya kujenga mtandao wa mawasiliano ya polisi pamoja na kamera zipatazo 1,800 za Nairobi na Mombasa. Kamera inayohesabu watu langoni ni msaada. Mashine inayofundishwa kumshuku mtu kwa buibui, kanzu au jina lake ni hatari. Mashine hujifunza kutokana na kumbukumbu za nyuma. Kumbukumbu hizo zikijaa watu waliokamatwa kwa dhana tu, nayo huirithi dhana ile ile. Hatujasahau Aprili 2014, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walipokamatwa na wengi kuzuiliwa katika uwanja wa Kasarani.

Mackinnon Road yenyewe ni shahidi. Mwaka 1954 Waingereza walifanya msako mkubwa Nairobi, na maelfu ya washukiwa wa Mau Mau wakapelekwa katika kambi za Manyani na Mackinnon Road. Walipitishwa mbele ya wapelelezi waliofunikwa nyuso kwa magunia, na kutikisa kichwa kulitosha kumhukumu mtu. Programu isiyoeleza kwa nini imemshuku mtu inafanana na mpelelezi yule.

Ipo njia nyingine. Mwaka 2007 uwanja wa ndege wa Los Angeles, Marekani, ulianza kutumia programu iliyopanga kwa nasibu ni barabara ipi iwekewe kizuizi na saa ngapi. Mwovu hakuweza kuuzoea mpango, na kilichochaguliwa kilikuwa mahali na wakati, si dini ya mtu.

Kwa hiyo twaziomba kamati za misikiti na maandalizi ziwaingize wanawake katika upangaji, zifungue mlango wa pili, ziweke wakaguzi wa kike, na ziwaulize maafisa picha zinazopigwa zitahifadhiwa wapi na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yatupa msingi wa kuuliza, ingawa imeacha nafasi kwa usalama wa taifa.

Nasi wazazi tufanye letu. Tukifika uwanjani, tuwaonyeshe watoto njia ya kutokea, tukubaliane pa kukutania, na viatu tuviweke mbali na mlango. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote, Amin.