Unauza turbo ya mtumba mtandaoni? Soma hii kabla hujaposti



Leo naongelea turbo za mtumba, hasa ile ambayo mteja anataka kuifunga kwenye Land Cruiser ya zamani iliyotoka kiwandani bila turbo. Mimi nauza spea Kasulu, na mizigo yangu mingi inaenda Kibondo, Kakonko na Buhigwe. Turbo ina faida nzuri kuliko taa na vioo, lakini inaharibu jina haraka kuliko vyote. Turbo mbovu haifi peke yake, inaweza kuondoka na injini. Na huku kwetu injini ya mtu ndio abiria wake, ndio mahindi yake kufika sokoni, ndio ada ya watoto.

Kwa hiyo picha moja na maneno "turbo kali ya Toyota, njoo inboksi" hayatoshi.

Kwa nini mteja wa huku anaitafuta

Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 10. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, hivyo ikifika huku inapata hewa pungufu. Ipakie mzigo, ipandishe milima ya kwenda Manyovu: inatoa moshi mweusi na unarudi gia ya pili. Ule moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuiunguza vizuri.

Turbo inatumia moshi unaotoka kwenye injini kuzungusha feni moja. Feni hiyo imeungwa kwa shafti na feni ya pili, ambayo inasukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Shafti hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kinachoilinda ni oili safi tu. Shika hapo kwenye oili, tutarudi.

Gari linaloulizwa sana: Land Cruiser yenye 1HZ

Hii ndio ile hadtopu, wengine wanaita mkonga. Injini yake ni silinda 6, lita 4.2, haina turbo. Ndugu yake 1HD-T ana ujazo unaokaribia sana huo, ila yeye kazaliwa na turbo. Wateja wengi wanaona zinafanana, wanasema "si unachomoa huku unachomeka huku?"

Sio hivyo. 1HZ inabana hewa zaidi ya mara 22, wakati 1HD-T inabana karibu mara 18 na nusu. Pia 1HZ inaanza kuunguza dizeli kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, kwa hiyo joto jingi linabaki pale juu. Ukiiongezea hewa nyingi na dizeli nyingi bila kipimo, silinda hedi inapasuka au pistoni inaungua. Ndio maana mafundi makini wanaofunga turbo kwenye 1HZ wanabaki kwenye presha ndogo, kama psi 7 hadi 10, na wanaweka geji ya joto la ekzosi. Mteja akikuambia anataka "ipige hadi mwisho", mwambie ukweli hata kama atanunua kwingine.

Kagua hivi kabla hujatoa hela yako

1. Shika ncha ya shafti, itikise pembeni. Kucheza kidogo ni kawaida, kwa sababu beringi zake nyingi zinaelea kwenye oili na sasa hivi ni kavu. Sasa isukume na kuivuta, mbele na nyuma. Ukisikia inacheza huko, iache.
2. Zungusha feni kwa kidole huku unaiegemeza pembeni. Isiguse ukuta wa nyumba yake hata kidogo.
3. Mulika kwa tochi ya simu. Feni iliyolika, iliyopinda au yenye pengo ni hapana. Kipande kikikatika upande wa hewa, kinaweza kuingia kwenye silinda.
4. Angalia upande wa hewa kama umelowa oili. Unyevu kidogo unavumilika, kulowa sio. Turbo inayovujisha oili nyingi upande huo inaweza kuifanya dizeli iunguze oili yake yenyewe: unazima ufunguo, injini inaendelea kupiga resi mpaka inanoki.
5. Kagua nyufa kwenye chuma cha upande wa moto, na ule mlango mdogo wa kupunguza presha. Ukiwa umeganda, presha itapanda bila kizuizi.
6. Muulize aliyekuuzia imetoka kwenye gari gani na akupe risiti. Kununua mali ya wizi huku unajua ni kosa la jinai, na kesi haiulizi faida yako ilikuwa shilingi ngapi.

Jina moja, turbo tofauti

Utasikia sana "CT26". CT26 imefungwa kwenye Land Cruiser za dizeli, lakini pia kwenye Supra na Celica za petroli. Jina moja, ila nyumba na matundu vinatofautiana. Kwa hiyo usiandike CT26 peke yake. Piga picha ya kibati chenye namba. Kwa turbo nyingi za Toyota namba inaanza na 17201. Hiyo namba ndio fundi wa mteja atakayoisoma, sio sifa zako.

Uza seti, usiuze chuma

Mteja anayenunua turbo tupu anaanza safari ya kutafuta vitu vingine, na akivikosa lawama ni zako. Anahitaji manifoldi inayokaa kwenye 1HZ, bomba la kuleta oili, bomba la kurudisha oili, gasketi, bomba la hewa, bomba la ekzosi, na mabomba ya maji kama turbo hiyo inapozwa kwa maji. Kama huna vyote, andika ulichonacho na usichonacho.

Kwenye bomba la kurudisha oili weka mkazo: liwe nene, literemke moja kwa moja hadi kwenye sampu, liingie juu ya usawa wa oili. Oili inarudi kwa kuteremka tu, haisukumwi. Likipinda au kubanwa, oili itatafuta njia kupitia kwenye turbo, na mteja atasema umemuuzia mbovu.

Mfano wa posti

"Turbo CT26 ya mtumba, imetoka kwenye Land Cruiser 1HD-T ya dizeli. Namba iko kwenye picha ya 2. Shafti haichezi mbele na nyuma, video ipo. Feni nzima. Upande wa hewa una unyevu kidogo wa oili. Inakuja na bomba la kurudisha oili. HAINA manifoldi ya 1HZ wala gasketi. Waranti siku 7 baada ya kufungwa, kwa masharti: oili na filta mpya, bomba la kuleta oili lisafishwe, turbo imwagiwe oili kabla ya kuwasha. Nipo Kasulu, natuma kwa basi."

Ona, kasoro nimeitaja mwenyewe. Mteja anaamini zaidi, na ukibishana naye baadaye una maandishi. Hata Sheria ya Mauziano ya Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ifanane na maelezo yake. Posti yako ndio maelezo yenyewe, usiifute.

Kufungasha

Ziba matundu yote kwa vifuniko au nailoni na gundi ya karatasi. Usichomeke vitambaa, nyuzi zinabaki ndani. Chembe moja ya mchanga kwenye tundu la oili inatosha kukwangua beringi. Weka kwenye boksi gumu, isicheze, isilalie ncha ya feni. Piga video unapofunga boksi, itume kwa mteja kabla basi halijaondoka.

Maneno ya kumwachia mteja

Baada ya kupanda mlima na mzigo asizime gari palepale. Aiache ingurume dakika moja au mbili, oili iipoze turbo. Abadilishe oili kwa wakati. Asiruhusu fundi aongeze dizeli kwenye pampu bila kuangalia geji ya joto. Maneno haya hayakugharimu hata shilingi, ila ndio yanayofanya turbo uliyouza leo iwe bado inavuta mlima mwakani, na mwenye gari akuletee jirani yake.

Kama una mwenzako anauza spea, mtumie hii. Biashara njema.