Mbwa Mdogo, Kizimba na Safari ya Desemba

Katika nyumba nyingi za Eastlands zenye mbwa mdogo, kizimba cha kusafiria hukaa juu ya kabati, kimejazwa nguo za watoto zilizokwisha kuwabana. Hushushwa siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa na siku ya kwenda ushago, basi. Mbwa naye si mjinga. Kila akikiona, kinachofuata ni sindano au barabara ya kutwa nzima. Kwa hiyo anakimbilia nyuma ya kochi, anavutwa kwa miguu, anasukumwa ndani, mlango unabamizwa, na mwenyewe anabaki akilalamika kwamba mbwa huyu ana kichwa kigumu.

Mimi ni daktari wa mifugo, na siku hizi wagonjwa wangu wengi ni wale mbwa weupe wenye manyoya mengi, Japanese Spitz na machotara wao, wanaoishi kwenye fleti za Umoja, Tassia na Pipeline. Wanatofautiana sana na mbwa wa Buruburu ya zamani. Nyumba za Buruburu, zilizojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, zilikuwa na ua, na mbwa wa ua alikuwa mlinzi: mchana amefungiwa kibandani, jua likizama anafunguliwa. Kutokana na desturi hiyo wengi wetu bado tunaona kumfungia mbwa ni jambo la kukomea mlango tu. Lakini Spitz wa orofa ya sita hana ua wa kulinda. Amelala miguuni pako tangu alipoletwa akiwa ndani ya sweta, na ukimfungia ghafla unamtenga na watu pekee anaowajua.

Mbwa wa namna hii lazima akipende kizimba kabla hakijawa chombo cha safari, na mapenzi hayo huchukua wiki kadhaa. Wiki tatu au nne huwatosha wengi. Aliyewahi kuogofywa ndani yake atataka zaidi. Msafiri wa Desemba aanze Novemba.

Kwanza kizimba chenyewe. Chukua tepu ya fundi nguo, umpime mbwa akiwa amesimama. Urefu wake ni kutoka ncha ya pua hadi shina la mkia. Jumlisha nusu ya kimo cha mguu wa mbele, kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, nawe umepata urefu wa kizimba. Upana wa mabega uzidishe mara mbili. Kwenda juu, pima hadi ncha ya sikio, uongeze unene wa tandiko. Spitz mwenye mwili wa sentimita 48, kiwiko 18, mabega 15 na sikio 42 atataka kizimba cha urefu wa sentimita 57, upana wa 30 na kimo cha kama 45. Hesabu hii ni ya IATA, shirika la kimataifa la usafiri wa ndege, lakini inamfaa hata yule ambaye ndege huziona tu zikipita juu ya paa lake kwenda kutua JKIA. Mbwa wa pua bapa, kama pug, huongezewa asilimia 10 kwa sababu hupumua kwa taabu.

Mafundi wa jua kali pale Kamukunji watakutengenezea kizimba cha waya kwa vipimo vyako, na kwa safari ya gari kinafaa. Ila kabla ya kulipa pitisha kidole kila mahali waya ulipokatwa, na udai sakafu ya ubao, maana kucha hunasa kwenye wavu. Kwa ndege usihangaike nacho: kanuni za IATA hazikubali kizimba cha wavu mtupu.

Kikishafika nyumbani, kiweke sebuleni, pale familia inapokaa kutazama taarifa ya habari. Mlango uung'oe, au uufunge wazi kwa kamba usije ukamgonga. Tandika fulana uliyokwisha kuivaa, isiyofuliwa, kwa sababu harufu yako inamtuliza kuliko blanketi jipya. Kisha ondoka, ujifanye huna habari. Siku za kwanza chakula chake kiwekwe karibu na mlango, kisha kwenye kizingiti, kisha hatua moja ndani. Anayetaka kwenda haraka hukwama hapa.

"Daktari, huyu hata nikimwekea maini humo hachukui," mama mmoja wa Umoja aliniambia.

Nikamuuliza maini aliyaweka wapi.

"Kule mwisho kabisa, ndiyo aingie."

"Mama, hapo umemtaka aingie mwili mzima siku ya kwanza. Weka mlangoni, akichukua mwache aende zake."

Maini yachemshwe bila chumvi na yakatwe vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Omena kavu, mmoja mmoja, hufanya kazi hiyohiyo kwa bei nafuu. Smokie ya mkokoteni wa pale stegi nayo ataipenda, lakini isiwe imeguswa na kachumbari: kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na kwa mbwa wa kilo sita hakihitajiki kingi.

Akianza kuingia mwenyewe na kulala humo bila kuitwa, ndipo mlango urudishwe. Ufunge akiwa anakula, uufungue kabla hajamaliza. Siku nyingine uchelewe kidogo, kisha dakika moja, kisha dakika tano ukiwa umeketi hapohapo, kisha uende jikoni ukarudi. Ukiona anapiga miayo bila usingizi, anajilamba midomo bila chakula, masikio yamelala nyuma na weupe wa macho unaonekana, umeharakisha. Rudi hatua moja. Akilia kidogo ili umtazame, subiri anyamaze kwa pumzi mbili ndipo ufungue. Akitokwa na mate, akihema na kuuchimba mlango kwa kucha, hiyo ni hofu. Mtoe.

Hapa nabishana na majirani karibu kila wiki. "Mwache alie, atazoea." Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania huko Marekani, walionyesha kwamba mbwa waliopigwa umeme bila njia ya kuuzuia, baadaye walipowekwa mahali ambapo wangeweza kuruka na kuepuka, wengi walijilaza tu wakaumia. Walikuwa wamekata tamaa. Ndiyo maana ukimya wa mbwa aliyelia saa mbili kizimbani haunifurahishi hata kidogo. Mbwa aliyezoea kweli hula, hujinyoosha, hulala ubavu. Aliyekata tamaa hukaa kajikunyata, na maini yale yale aliyokuwa akiyagombania hayagusi.

Mfano mwingine uko angani. Laika alikuwa mbwa koko wa mitaa ya Moscow, mwenye kilo kama sita, uzito wa Spitz wetu. Kabla ya kurushwa ndani ya chombo cha anga cha Kisovieti, Sputnik 2, tarehe 3 Novemba 1957, yeye na wenzake walizoezwa kwa kuwekwa katika vizimba vilivyozidi kuwa vidogo, kwa vipindi vya hadi siku 20. Mbwa hao walihangaika, wakaacha hata kwenda haja. Walipunguziwa nafasi hatua kwa hatua, lakini hakuna hatua iliyowapa sababu ya kutaka kuwa mle ndani. Na kilichomuua Laika saa chache baada ya kuruka, kama ilivyokuja kutangazwa mwaka 2002, kilikuwa joto.

Joto hilo liko pia kwenye buti la basi. Mbwa hatoki jasho kama sisi. Hupoza mwili kwa kuhema, na kuhema kunataka hewa inayopita. Siku ya kawaida ya Nairobi yenye nyuzi 24, gari lililofungwa juani hufika nyuzi 34 ndani kwa dakika 10 na 43 kwa nusu saa. Kondakta akikuambia "weka tu buti, hakuna shida," shuka utafute gari jingine. Kizimba kikae ndani, kwenye kiti au miguuni, kimefungwa mkanda au kimebanwa kisiteleze.

Watu wengi husahau kwamba kizimba cha sebuleni kimetulia, ilhali cha safari kinatikisika. Fleti nyingi za Pipeline hazina lifti. Ukikishika kwa mpini ukateremka ngazi za orofa sita, mbwa anapigwa huku na huku kila hatua. Kikumbatie kifuani kwa mikono miwili. Anza kwa kukiinua na kukishusha palepale, omena mmoja. Kesho hadi mlangoni. Keshokutwa hadi kwenye ngazi. Kelele nazo zina zamu yake. Keti naye mbali na stegi, mahali muziki wa nganya unasikika kwa umbali, na msogee siku kwa siku kadiri anavyoendelea kula. Mbwa anayekataa chakula karibu na kelele amekuambia umbali wake. Halafu gari lililosimama, halafu injini ikinguruma, halafu mzunguko mmoja wa mtaa na kurudi nyumbani, ili ajue kwamba si kila safari huishia kwa daktari.

Dawa za usingizi ni swali la kila mwaka. Usimpe tembe za watu, na usimlaze mbwa anayepanda ndege: dawa hizo hushusha shinikizo la damu na kudhoofisha uwezo wa kudhibiti joto la mwili, na huko kwenye mizigo hakuna wa kumtazama. Anayetapika garini ana dawa yake ya kichefuchefu, ambayo daktari hupima kwa kilo. Mwache bila chakula saa nne hadi sita kabla ya kuondoka, maji anywe.

Wa kwenda Ulaya waanze mapema zaidi, kwa sababu makaratasi huchukua muda kuliko mafunzo. Mbwa atokaye Kenya kuingia Umoja wa Ulaya huwekewa chipu, huchanjwa, hutolewa damu angalau siku 30 baada ya chanjo ili kupima kinga ya kichaa cha mbwa, kisha husubiri miezi mitatu tangu damu hiyo kutolewa. Miezi hiyo ndiyo ya kizimba. Mashirika kama KLM na Lufthansa hukubali mbwa kabini akiwa na mfuko wake bila kuzidi kilo 8. Kuingia Uingereza kwa ndege, kabini haipo, ni mzigo.

Mkifika ushago, usimfungulie uani. Watoto wataomba, shangazi naye atataka kumwona, lakini mbwa wa boma wako hapo na lango liko wazi. Ingia chumbani, funga mlango, mvike kamba akiwa bado kizimbani, umpe maji. Kizimba kibaki wazi pembeni na fulana yako ndani yake kwa muda wote mtakaokuwa huko. Usiku wa kwanza atarudi humo mwenyewe, na siku ya kurejea Nairobi hutamtafuta nyuma ya ghala.