Nyumba Iliyouzwa kwa Kauli

Katika mitaa ya makazi ya England, nyumba inapotiwa sokoni, aghalabu dalali husimika mti mbele ya ua na kupigilia juu yake ubao wenye jina lake na tangazo la kuuza. Na siku mwenye nyumba anapoikubali bei ya mnunuzi, ubao ule haung'olewi, bali hubandikwa juu yake kipande kingine kinachosema kwamba nyumba imeuzwa kwa sharti la mkataba. Mpita njia huyasoma maneno yale akadhani biashara imekwisha. Mnunuzi naye hudhani hivyo hivyo, akawaarifu jamaa zake, akaanza kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Hakika ya mambo ni kwamba, kwa sheria ya England na Wales, siku ile hakuna kilichouzwa: muuzaji amekubali, na kukubali kwake hakumfungi kwa lolote, hata kama amekubali mbele ya mashahidi na kupeana mkono na mwenzake.

Baina ya siku hiyo na siku ya kubadilishana mikataba, ambapo mawakili wa pande mbili hupeana nakala zilizotiwa saini na mnunuzi akaweka arabuni, ambayo kwa desturi ni sehemu ya kumi ya bei, hupita wiki nyingi. Miezi miwili au mitatu si ajabu. Katika muda huo benki humtuma mthamini wake, mkaguzi wa majengo hupanda darini na kugonga kuta akitafuta unyevu na nyufa, wakili huiandikia halmashauri kuuliza habari za barabara, mifereji na vibali vya ujenzi, na kila mmoja wao hutaka ujira ambao ukishatolewa haurudi. Gharama hizo zote hutoka mfukoni mwa mnunuzi, naye huzitoa kwa kuitegemea kauli ambayo mahakama haiitambui. Ikiwa katika wiki ya saba akatokea mtu aliye tayari kuongeza pauni elfu kumi, au ikiwa bei za mtaa mzima zimepanda tangu mapatano, mwenye nyumba ana ruhusa ya kumwambia dalali aitangaze tena. Na dalali, ambaye ni mtumishi wa muuzaji na ana wajibu wa kumfikishia kila bei inayoletwa hadi mikataba ibadilishwe, isipokuwa muuzaji mwenyewe awe amemkataza, hana uwezo wa kumzuia. Mara nyingi mnunuzi huyo naye anamwuzia nyumba yake mtu wa tatu, na wa tatu anamwuzia wa nne, hata ahadi moja ikivunjika huwaangusha watu wa nyumba tano ambao hawajapata kuonana.

Mtu atauliza sheria kama hii ilitoka wapi. Mwaka 1677, katika enzi ya Mfalme Charles II, Bunge lilitunga sheria iliyokusudiwa kuzuia hila na viapo vya uongo, kwa kuwa watu walikuwa wakienda mahakamani na mashahidi wa kununuliwa kudai ardhi ambayo hawakuuziwa; ikaamriwa kwamba dai la mkataba wa ardhi halitasikilizwa pasipo maandishi yenye saini. Kanuni hiyo ilichukuliwa katika sheria ya mali ya mwaka 1925, kisha ikakazwa zaidi mwaka 1989, ambapo masharti yote ya mauzo yalitakiwa yawe ndani ya hati moja na pande zote mbili ziitie saini, la sivyo mkataba haupo kabisa. Nia ya watungaji ilikuwa njema, na mimi siitilii shaka. Lakini kinga iliyowekwa dhidi ya mwongo anayedai kuwa aliahidiwa imekuwa vilevile kinga ya yule aliyeahidi kwa hiari yake na sasa anataka kujitoa, na wa pili huyu ndiye anayeitumia zaidi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, bei za nyumba zilipopaa nchini humo, tabia ya kumwacha mnunuzi wa kwanza na kumwendea mwenye bei kubwa zaidi ilienea hata ikawa fadhaa ya taifa zima, na Tume ya Sheria ikatoa ripoti juu yake mwaka 1975. Tume ilikubali kuwa watu wanaumia, ila iliona ni heri desturi ibaki kama ilivyo, kwa kuwa mnunuzi anahitaji nafasi ya kukagua nyumba na kushauriana na wakili kabla ya kufungwa na deni kubwa kuliko yote ya maisha yake. Hoja hiyo ina uzito, wala si muuzaji peke yake anayeitumia vibaya nafasi hiyo: bei zinaposhuka, wako wanunuzi wanaongoja mpaka asubuhi ya kubadilishana mikataba ndipo waseme watatoa pungufu, wakijua kwamba muuzaji amekwisha kufunga mizigo. Mwaka 2007 serikali ilijaribu dawa nyingine, ikawalazimisha wauzaji kutayarisha mapema nyaraka za nyumba ili muda wa kungoja upungue. Mwaka 2010 amri hiyo ikasimamishwa.

Iko kesi moja iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1993 ambayo inaonyesha mambo haya kwa ukaribu. Watu wawili walishindania nyumba moja ya shamba huko Suffolk. Mmoja alipanda hadi pauni 200,000, akakubaliwa kwa sharti la mkataba. Kisha mshindani wake akatoa 210,000, na kukubaliwa kwa yule wa kwanza kukafutwa. Huyo alikasirika, akatishia kwenda mahakamani kuomba amri ya zuio, tena akasema atamjulisha mshindani wake kwamba yeye amejitoa, ili naye ashushe bei yake. Dalali alipoona hatari hiyo, alipatana naye kwamba muuzaji hatasikiliza bei ya mtu mwingine, mradi mnunuzi abadilishane mikataba ndani ya wiki mbili tangu kuipata rasimu. Muuzaji akavunja na hilo, akamwuzia mwenye 210,000. Majaji walisema kwamba ahadi ya kuuza, kwa kuwa haikutimiza masharti ya maandishi, haikuwa na nguvu. Ila ahadi ya kutosikiliza wengine kwa muda maalumu ilikuwa mkataba kamili peke yake, kwa kuwa si mkataba wa kuuza ardhi, na mnunuzi alikuwa ameilipia kwa kuacha vitisho vyake na kwa kukubali kufanya haraka. Mnunuzi alipata haki ya fidia, nyumba hakuipata.

Ukivuka mpaka ukaingia Uskoti, unakuta kisiwa kilekile, mfalme yuleyule, na desturi nyingine. Huko, wanunuzi wakiwa wengi, hutajwa siku na saa ya mwisho, kila mmoja akaleta bei yake kwa siri kupitia wakili, na muuzaji akachagua moja. Tangu Desemba 2008 muuzaji, kabla ya kutangaza, hutakiwa awe na ripoti ya hali ya nyumba na thamani yake. Mawakili hubadilishana barua, na barua hizo zikikamilika mkataba umefungwa. Ni kweli kwamba siku hizi barua huchelewa kukamilika, na katika kuchelewa huko mtu aweza kujitoa. Lakini muuzaji aliyekwisha kukubali bei moja akimwamuru kisha wakili wake apokee bei kubwa zaidi ya mwingine, wakili, kwa mwongozo wa chama chao, hukataa na kumwambia atafute wakili mwingine. Naona hapo ndipo penye siri ya jambo, kwamba mtu mwenye elimu ya sheria na heshima ya kulinda amewekwa mahali ambapo England imemweka dalali anayelipwa kwa sehemu ya bei.

Na kwa watu wa pwani yetu ya Afrika Mashariki waliofuata madhehebu ya Imamu Shafi, mauzo hutimia kwa ijabu na kabuli, yaani kutoa na kukubali, na wauziano wana hiari ya kughairi maadamu hawajaachana katika majlisi yao. Wakishaachana bila ya mmoja kuweka sharti la hiari, biashara imewafunga wote wawili. Tena imekatazwa kwa Mwislamu kuingilia bei ambayo nduguye amekwisha kuridhiana na muuzaji. Katazo hilo humgusa yule wa tatu, anayekuja na fedha nyingi huku akijua kuwa pana mapatano, na sheria ya England haimwulizi huyo neno lolote.

Hata hivyo msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam asidhani kwamba mambo hayo ya England ni ya ng'ambo tu. Kenya ilirithi kanuni ya Waingereza: mkataba wa ardhi usioandikwa, usiotiwa saini na pande zote na kushuhudiwa, hausikilizwi mahakamani, na Tanzania, katika Sheria ya Ardhi ya 1999, nayo inataka maandishi. Kwa hiyo mwenye nyumba aliyekukubalia kwa mdomo, akala chakula nawe na kukuonyesha kisima, aweza kesho kumwuzia mwingine, nawe ukabaki na maneno. Basi ikiwa umepata nyumba uipendayo, fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi kwanza, kisha mwombe muuzaji mtie saini mkataba mbele ya wakili kabla hujatoa arabuni. Arabuni yenyewe iwe amana mikononi mwa wakili, isiwe mikononi mwa dalali. Na mkataba ukishatiwa saini, usikae na nakala yako sandukuni, peleka ombi la zuio kwa msajili wa hati siku hiyohiyo. Nawe unayeuza, kama hujaridhika na bei, sema hujaridhika. Na kama umeridhika, mwambie dalali aung'oe ubao.