Nywele za miezi minane (sehemu ya pili)

Wiki iliyopita niliishia kwa vinyozi wa Tandika, kwa wanaume ambao kwao shauri la nywele humalizika ndani ya robo saa: kiti, mashine, spiriti kisogoni, kwaheri. Leo navuka kwenda upande wa akina dada, ambako shauri hilohilo huchukua miezi na kuwakosesha watu usingizi.

Nimelikuta nyumbani kwa dada yangu, Mbagala Kizuiani. Binti yake alimaliza mtihani wa kidato cha nne Novemba, na tangu siku hiyo hakuna mashine wala mkasi uliokaribia kichwa chake. Januari matokeo yakatoka, amefaulu. Baadaye TAMISEMI wakatoa majina, amepangiwa kidato cha tano, bweni, mkoani. Fomu ya kujiunga, baada ya godoro, ndoo na jembe, ikafika kwenye nywele: ziwe fupi, zisisukwe, zisitiwe dawa. Jumapili nilipofika nilimkuta uani amekalia ndoo iliyopinduliwa, kioo mkononi. Alinipa shikamoo macho yakiwa kwenye kioo. Akashika kishungi kimoja cha utosini, akakivuta kwa vidole viwili mpaka kikanyooka, akakiachia. Kikarudi kama springi ya kalamu.

"Mjomba, umeona zilivyo? Hizi nimezipata kwa shida. Nikizinyoa sasa, nitazirudisha lini?"

Mama yake akajibu kutoka jikoni kabla yangu: "Unamuuliza huyo, ambaye za kwake zilimkimbia tangu awamu ya tatu?"

Nimekubali utani, lakini swali la mtoto lina jibu la hesabu. Unywele huota kwa zamu. Kila shina hufanya kazi miaka miwili hadi sita hivi mfululizo, hupumzika karibu miezi mitatu, kisha unywele wa zamani hudondoka na mpya kuanza. Ndiyo maana kila siku tunapoteza nywele hamsini hadi mia bila kupata upara. Kasi ya kuota hutofautiana. Vipimo vya mtafiti wa Ufaransa, Geneviève Loussouarn, vilivyochapishwa 2001, vilionyesha kuwa nywele za vijana wa asili ya Afrika aliowapima ziliota kama robo milimita kwa siku, wakati za Wazungu zilikaribia milimita 0.4. Kwa mwezi, hiyo robo milimita ni kama sentimita 0.8. Kwa miezi minane ya mpwa wangu, sentimita sita na kidogo. Nilimpimia kwa rula ya hisabati tukakuta tano na nusu, tena kwa kuuvuta unywele. Zikiachwa zijikunje, jirani anaona nusu yake.

Basi, tukaketi na swali la hiyo nusu sentimita na zaidi iliyopotea, maana humo ndimo kuna neno ambalo wanawake wa mji huu hulirudia kila siku: "nywele zangu hazikui." Zinakua. Kichwa kisichootesha nywele ni kichwa cha mgonjwa, na huyo apelekwe hospitali. Tatizo la wengi ni kukatika. Unywele wa kipilipili, ukiukata na kuutazama kwa hadubini, si duara, ni bapa kama utepe, na kila unapopinda ndipo palipo dhaifu. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa huteremka kwa urahisi kwenye nywele za singa. Kwenye msokoto hukwama njiani, ncha zikabaki kavu. Sasa leta chanuo la meno membamba, asubuhi, nywele zikiwa kavu, mtu ana haraka ya daladala. Zile zinazobaki kwenye chanuo ndizo zile "zisizokua".

Nilimuuliza mpwa wangu nani alimfundisha kuchana. Akanitazama kama nimeuliza nani alimfundisha kupumua.

Hapo ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji tulitafakari. Mtoto huyu alinyolewa alipoanza darasa la kwanza na akaendelea kunyolewa mpaka kidato cha nne. Katika miaka kumi na moja kichwa chake hakikupata nywele zaidi ya za likizo. Alijifunza kufua, kupika, kufagia uwanja, kumega tonge akiwa na wageni. Nywele zake mwenyewe hakupata kuzijifunza, kwa sababu hazikuwapo. Halafu Novemba moja akaambiwa uko huru, akazipata zote kwa mkupuo, na mwalimu wa kwanza aliyemkuta ni kopo la dawa dukani.

Na ardhi hii aliyokalia ndoo yake zamani haikuwa na desturi ya kumwacha msichana bila mwalimu. Mbagala, Chamazi, Kisarawe, hata huku Kinondoni kabla ya nyumba kubanana, ni Uzaramo. Mzaramo aliyemweka mwanawe ndani baada ya kuvunja ungo alimpa mwana hiti: kigogo kidogo cha mti kilichochongwa, hakina mikono, kina matiti na kitovu, na juu ya kichwa kina kishungi kilichogawanyika pande mbili kama mtindo wa nywele. Mwali alikaa nacho kama mtoto wake, akakiogesha, akakipaka mafuta, akakitunza. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani leo wanavipenda mno na kuviweka kwenye kabati za vioo kama sanaa, na ni sanaa kweli. Mimi nikivitazama naona pia kitabu cha kiada. Siku za ndani zilikuwa na somo la mwili, somo alilolisimamia kungwi, na kichwa kilikuwa ndani ya somo hilo.

Sitaki nieleweke kwamba nalilia jando na unyago kwa kila kitu. Kule ndani kulikuwa na mengine ambayo nisingependa mpwa wangu ayapitie, na kumtoa mwali darasani ni dhambi. Nasema tu kwamba muda wa somo lile tuliuchukua tukaupeleka shuleni, na shule ikaliondoa somo lenyewe kwa mashine ya kunyolea.

Shule nayo ina hoja. Matroni wa bweni lenye wasichana mia tatu na bomba moja la maji atakuambia mapunye yanavyohama kutoka kitanda hadi kitanda, chawa vilevile, na saa za kusoma zinavyoliwa na misuko. Watasema pia kuwa kipara humfanya mtoto wa mwenye duka na wa muuza mihogo wafanane. Hoja ya mwisho naiheshimu, lakini ya mapunye inanipa shida, kwa kuwa mapunye huwapata hata walionyolewa, tena mashine isiyosafishwa ndiyo huyagawa. Zipo shule binafsi hapahapa Dar zinazoruhusu twende kilioni kwa uzi mweusi, ule msuko wa kurudi nyuma ulionyooka, ambao jina lake linaeleza kuwa ni wa haraka, wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Watoto wa shule hizo wanafaulu na kufeli kama wengine. Maoni yangu ni kwamba msichana wa kidato cha tano, mwenye miaka kumi na minane, aliyefikia umri wa kupiga kura, angeachiwa achague kati ya kipara na twende kilioni.

Jirani zetu walifikishana mahakamani. Kenya, Januari 2019, shule moja ya sekondari ya Kibera ilimrudisha nyumbani msichana wa familia ya Kirasta kwa sababu ya dredi zake, na Septemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kuwa kumfukuza kulivunja haki yake ya dini na ya elimu. Kesi ile ilisimama juu ya imani. Mpwa wangu hana imani ya kudai, ana sentimita tano na nusu.

Na Dar es Salaam ina historia ndefu ya wakubwa kuwaamulia wanawake kichwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, krimu za kujichubua, na mawigi, kuanzia Januari 1969. Kariakoo vijana hawakusubiri Januari. Waliwavamia wanawake waziwazi kwenye mabasi. Nusu karne baadaye, Juni 2019, wigi likarudi bungeni kwa mlango wa hazina: Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa nywele za bandia zinazotoka nje na asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini. Saluni za Mbagala zililalamika wiki mbili, kisha wateja wakaongeza hela.

Turudi kwenye dawa, maana binti alikuwa ameshanunua kopo, amelificha chini ya kitanda. Dawa ya kunyoosha haina muujiza. Aina kongwe ina kostiki soda, ileile wanayochemshia sabuni ya mche akina mama wa vikundi vya ujasiriamali, kwa kipimo cha chini. Inavunja vifungo vya salfa vinavyoushikilia unywele katika msokoto wake. Unywele unalala, lakini umepunguziwa nguvu, na ikipitiliza muda wake ngozi inaungua. "Kuwashwa ndiyo inafanya kazi," atakwambia msusi. Hapana dada, kuwashwa ni kidonda kinabisha hodi. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani waliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 waliripoti kuwa wanaotumia dawa za kunyoosha mara kwa mara walionekana kupata saratani ya mji wa mimba zaidi ya wasiotumia: makadirio hadi umri wa miaka 70 ni asilimia 4.05 dhidi ya 1.64. Uhusiano si uthibitisho wa chanzo, na saratani yenyewe bado ni ya wachache. Hata hivyo, nililiomba lile kopo nikaondoka nalo.

Msuko nao una lake. Msichana akisukwa rasta za kubana mpaka hawezi kufumba macho vizuri, vipele vikatoka kwenye paji, na msusi akamwambia ameze panadol alale kesho zitalegea, huyo anang'olewa polepole. Nywele za pembeni zikivutwa miaka mingi mashina hufa, na kwenye kovu hakuna mafuta ya nazi wala ya mnyonyo yatakayootesha kitu. Watazame mama zetu wa miaka hamsini wanavyoshusha mtandio hadi kwenye nyusi.

Jambo ambalo wengi hawaligundui ni kwamba wasusi wenye mkono mwepesi kuliko wote mjini hapa wengi ni wanaume, Wamasai. Wanakaa vibarazani na rubega zao, wanasokota rasta nyembamba kwa saa nne bila kumwumiza mtu. Walijifunzia wapi? Kwao morani ndiye mwenye nywele ndefu, na morani husukana wenyewe kwa wenyewe, hupakana mafuta na udongo mwekundu, mpaka siku ya kuacha umorani, mama zao wawanyoe. Mwanamke wa Kimasai kichwa chake hunyolewa. Kijana akikosa kazi ya ulinzi mjini anakuja na ujuzi aliopewa na rika lake porini, anauuza Mbagala Rangi Tatu kwa wasichana ambao shule iliwanyima ujuzi huohuo.

Nilimwambia mpwa wangu yote hayo, pengine kwa urefu kuliko alivyohitaji. Nikamwambia na hili: akinyoa sasa, na miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita ikiisha aanze kuzifuga, baada ya mwaka mmoja atakuwa na sentimita tisa au kumi asizozitia dawa, na mama yake atakuwa amemwonyesha namna ya kuzichana zikiwa na maji na mafuta, kuanzia nchani. Hizi za sasa zimeshaanza kukatika kwa chanuo. Sikumwambia anyoe.

Jumamosi iliyotangulia safari alinyoa. Alimwita mama yake, si kinyozi, na mkasi wa cherehani. Kila fungu lililoanguka alilidaka mapajani, maana kwetu nywele hazitupwi ovyo, huwezi kujua nani atazikuta. Alipomaliza akaomba kitu cha kuzifungia. Dada yangu akaingia ndani akarudi na gazeti, akachana ukurasa mmoja, wakazifunga vizuri na kuzipeleka jikoni kuzichoma. Nilichungulia kabla halijashika moto. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya makala hii.