Liwa, Piko na Krimu: Ngozi Yetu Imo Mikononi mwa Nani?

Mtu akitaka kujua kama nyumba ina arusi, hana haja ya kuuliza. Harufu ya liwa inayosuguliwa juu ya jiwe, na ya singo iliyotiwa marashi ya mawaridi, humpa habari kabla hajabisha hodi. Mambo haya tumeyarithi kwa mabibi zetu, na kuanzia Lamu mpaka Vanga yangali yakifanywa. Lakini, ndugu msomaji, ukichungulia chumba cha bibi arusi wa siku hizi, huenda ukaona kando ya jiwe la liwa pamewekwa kichupa cha piko na mikebe miwili mitatu ya krimu za kuchubua. Hapo ndipo penye jambo ninalotaka tulizungumze.

Mpwa wangu alichorwa maua ya piko mikononi siku tatu kabla ya arusi yake. Siku ya pili mikono iliwasha, ikavimba, kisha ikafanya malengelenge pale pale ulipopita mchoro. Alikaa ukumbini na mikono kaificha ndani ya mtandio, na alama zake hazijafutika mpaka leo.

Wengi hudhani piko ni hina iliyotiwa weusi. Sivyo. Hina ni jani, na rangi yake hukolea taratibu, kwa saa nyingi, ikawa nyekundu au ya kahawia. Hina tupu haiwi nyeusi tititi. Piko ni rangi ya nywele, na kemikali inayoipa weusi huitwa kwa kifupi PPD. Katika nchi za Ulaya sheria huiruhusu ndani ya rangi ya nywele, isizidi sehemu 2 katika 100, na hairuhusiwi kuchorewa ngozi. Tena mwili uliokwisha kuikataa mara moja hausahau: miaka mingi baadaye mtu hutia rangi nywele zake, akaamka uso umefura.

Krimu za kuchubua nazo zina historia yake. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika habari za wagonjwa 60, watu wazima waliovimba miili kwa maradhi ya figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepaka krimu zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi kufanya rangi yake, lakini haikomei hapo. Hupenya damuni ikaenda kukaa katika figo. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini nao walieleza jinsi haidrokwinoni, inayotiwa kung'arisha uso, inavyoweza kuugeuza ukawa na mabaka meusi ya rangi ya samawati yasiyotoka. Mwaka 1998 Shirika la Ubora wa Bidhaa nchini, KEBS, lilizipiga marufuku krimu za namna hiyo. Hata hivyo, biashara ya kificho haikufa. Wazee walikwisha sema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sisemi kwamba kila cha kale ni dawa. Wako wanaojipaka ndimu usoni kuondoa mabaka, kisha wakatoka juani. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuzidisha weusi ule ule uliokuwa ukikimbiwa. Mafuta ya nazi nayo ni mazuri mno kwa ngozi kavu, lakini kwa mwenye chunusi huenda yakaziba vitundu vya ngozi, zikazidi.

Basi dawa ya mambo haya ni nini? Nadhani ni sisi wenyewe kujifunza kutengeneza vitu vya ngozi kwa elimu. Kazi yenyewe huanza kwa kuujua ugonjwa. Harara si ukurutu, na ukurutu si choa. Harara hutokana na jasho lililozibwa, kwa hiyo mafuta mazito hayafai katika joto letu la kaskazi. Ukurutu unataka mafuta, kwa kuwa ngozi imekauka. Choa ni kuvu, na akipakwa krimu yenye steroidi mwasho hupoa kwa siku chache huku yeye akitambaa chini kwa chini.

Jambo la pili ni maji. Kila mama anajua kuwa tui likilala, mafuta hupanda juu na maji hubaki chini, na siku ya pili limechacha. Krimu ni kama tui: ni mafuta na maji yaliyolazimishwa kukaa pamoja. Inahitaji kitu cha kuyashikanisha, na kitu cha kuzuia vijidudu. Ndiyo maana dalia kavu hukaa muda mrefu, lakini ikishachanganywa na marashi yafaa itumike siku ile ile. Anayetaka kuuza singo iliyolowana ndani ya chupa lazima ajue hayo, la sivyo anauza vijidudu.

Kisha kuna majaribio. Kitu kipya hupakwa kidogo mkononi, kikangojwa siku mbili. Mafundi wa kazi hii huweka bidhaa zao mahali penye joto la digrii 40 kwa miezi, waone kama zitaharibika. Na kwa Waislamu liko la ziada: kitu kisizuie maji ya udhu kufika kwenye ngozi, na mafuta na gilisirini yake yasitoke kwa mnyama wa haramu. Mtengenezaji wa ng'ambo mara nyingi hayafikirii hayo.

Msidhani jambo hili haliwezekani katika nchi zetu. Huko Moshi, Tanzania, katika kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao jua huwaletea saratani ya ngozi. Aliyeianzisha ni mfamasia wa Kihispania, Mafalda Soto. Ilitengenezwa kwa kuwatazama watu wa hapo na jua la hapo.

Sisi tunao wasichana wengi wanaosoma kemia vyuoni, na tunao masomo wanaojua kipimo cha kila kitu kinachoingia katika singo. Hawa wawili hawajakaa mkeka mmoja. Wenye mabinti wa namna hiyo na wawapeleke kwa hao masomo wakiwa na daftari mkononi, maana vipimo vile havijaandikwa popote, na wenye kuvijua umri unawapita. Na bibi arusi yeyote anayeulizwa achague piko au hina, achague hina.