Mtoto anapojiundia sigara ya umeme: Kitufe kidogo cha volti, hatari tatu nyumbani

Dodoma. Ni likizo ya Juni. Upepo mkavu wa baridi unavuma tangu alfajiri, na mwanafunzi wa bweni amerudi nyumbani Nkuhungu. Mama yake anaingia chumbani kutafuta nguo za kufua. Chini ya godoro anakuta kisanduku cha plastiki.

Ndani yake kuna betri mbili za duara zilizo nene kuliko za tochi, waya mwembamba uliosokotwa kama springi, pamba, chupa ndogo yenye harufu ya embe, na kibao kidogo cha elektroniki chenye kitufe cha kuzungusha. Mama anatabasamu. Mwanawe anapenda ufundi, pengine anatengeneza redio.

Nyumba hiyo ni ya mfano tu, lakini kila kilichomo ndani ya kisanduku hicho kinapatikana bila shida. Betri hutolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu au kwenye chaja za kubebeka. Vidhibiti vya volti huuzwa na wauza vipuri vya elektroniki. Maelekezo ya kuviunganisha yako kwenye video, na simu iko mkononi mwa mtoto. Mzazi asiyejua anachokitazama anaweza kumpongeza mwanawe kwa kuunda sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana huiita vepu.

Inavyofanya kazi

Wazo la sigara isiyo na moto si geni. Mmarekani Herbert Gilbert alipewa hataza ya kifaa cha aina hiyo mwaka 1965, ila hakikupata soko. Mwaka 2003, mfamasia wa China, Hon Lik, alibuni kile kilichokuja kuenea duniani kote.

Kifaa chenyewe ni rahisi kukielewa. Betri hupeleka umeme kwenye koili, yaani ule waya uliosokotwa. Koili hupata moto na kuchemsha kimiminika kilichonyonywa na pamba. Mvuke unaotoka ndio unaovutwa. Kimiminika hicho kwa kawaida kina gliserini, kemikali nyingine iitwayo propilini glaikoli, vionjo vya matunda au peremende, na mara nyingi nikotini, ambayo ndiyo inayomfanya mvutaji awe mtumwa wa sigara.

Vifaa vya mwanzo vilikuwa na nguvu moja tu. Baadaye wapenda ufundi wa Marekani na Ulaya walianza kujiundia vya kwao. Walichukua vidhibiti vya volti vilivyotengenezwa kwa ajili ya mitambo mingine, wakavifungia ndani ya visanduku pamoja na betri, wakaweka kitufe cha kupandisha na kushusha nguvu kama kile cha sauti ya redio. Aliyetaka mvuke mwingi alizungusha kitufe. Viwanda vilifuata nyayo zao, lakini video za kujiundia nyumbani hazijaondoka.

Hatari ya kwanza: Joto

Kitufe hicho hakiongezi mvuke peke yake. Koili ikiwa ni ileile, volti zikipanda mara mbili, nguvu ya joto hupanda mara nne. Kutoka volti 3.3 hadi 5.0 kunaonekana kuwa hatua ndogo, lakini koili hupokea nguvu zaidi ya mara mbili ya ile ya awali.

Joto hilo hubadilisha kilichomo ndani ya mvuke. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa kupandisha volti kutoka 3.2 hadi 4.8 kuliongeza kemikali kama fomaldehaidi kwa kati ya mara nne na zaidi ya mara 200. Fomaldehaidi ndiyo inayotumika kuhifadhia maiti, nayo inatambuliwa kuwa inasababisha saratani. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State nchini Marekani walieleza kuwa hawakuona kemikali zinazotoa fomaldehaidi kwenye volti 3.3, lakini waliziona kwenye volti 5.0.

Wapo wanasayansi waliopinga matokeo hayo ya 2015. Walisema mvutaji mzoefu akifika kwenye joto hilo husikia ladha ya kuungua na kuacha. Hoja hiyo ina uzito kwa mtu mzima mwenye kifaa cha kiwandani. Kwa kijana wa miaka 15 anayejifunza kwa kubahatisha, huku wenzake wakimshangilia atoe wingu kubwa zaidi, haina msaada mkubwa.

Kuna jambo jingine linalozihusu hasa nyumba za kanda hii ya ukame. Gliserini ya kujipaka haikosekani msimu wa baridi, midomo na visigino vinapopasuka. Mtoto anaweza kufikiri kuwa kinachopakwa kwenye ngozi hakiwezi kudhuru mapafu. Gliserini ikipata joto kali hutoa akrolini, kemikali ileile inayotoka mafuta ya kupikia yanapoungua kikaangoni na kufanya watu wa jikoni wakohoe na kutokwa machozi. Katika vepu, moshi huo huvutwa makusudi hadi ndani kabisa ya mapafu.

Hatari ya pili: Betri

Betri za duara zinazotolewa kwenye kompyuta mpakato ni za lithiamu. Nyingi zina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zikiwa ndani ya kompyuta, zinalindwa na saketi inayokata umeme zinapozidiwa au zinapopata shoti. Fundi wa chini ya godoro anapozichomoa moja moja, ulinzi huo hubaki nyuma. Kinachobaki ni betri iliyochoka, ambayo sasa inalazimishwa kutoa umeme mwingi kwa mkupuo.

Ikizidiwa, betri ya lithiamu hujipandisha joto yenyewe hadi kulipuka au kuwaka. Mamlaka ya zimamoto ya Marekani ilihesabu matukio 195 ya moto na milipuko ya sigara za kielektroniki kati ya mwaka 2009 na 2016. Watu 133 waliumia, 38 kati yao vibaya. Matukio 61 yalitokea kifaa au betri ikiwa mfukoni, mahali ambapo funguo au sarafu zinaweza kuunganisha ncha mbili na kusababisha shoti. Katika kipindi hicho hakuna aliyeripotiwa kufa. Lakini Mei 2018 mwanamume mmoja alifariki Florida kifaa chake kilipolipuka, na Januari 2019 kijana wa miaka 24 akafariki Texas.

Katika nyumba za hapa, ambako watoto wawili au watatu hulala chumba kimoja chenye godoro la sponji na chandarua, betri inayochajiwa usiku kwa nyaya za kuungaunga ni hatari kwa wote waliolala humo.

Hatari ya tatu: Kilichomo ndani ya chupa

Kifaa cha kujiundia huenda sambamba na kimiminika cha kujichanganyia au cha kununua kwa rafiki. Marekani ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Kuanzia mwaka 2019 hadi Februari 2020, watu 2,807 walilazwa au kufariki kwa ugonjwa wa mapafu uliohusishwa na uvutaji wa aina hii. Kati yao, 68 walipoteza maisha. Wengi walikuwa wamevuta vimiminika vyenye kilevi cha bangi, vingi vikiwa vimepatikana mitaani au kwa marafiki. Watafiti walipopima majimaji ya mapafu ya wagonjwa 51, walikuta aina ya mafuta ya vitamini E kwa wagonjwa 48. Vitamini hiyo haina neno kwenye chakula au ngozi, ila mapafu hayakuumbwa kupokea mafuta.

Nikotini nayo ina mambo yake. Ubongo wa binadamu huendelea kukua hadi karibu umri wa miaka 25, na anayeanza mapema hunasa kwa urahisi zaidi na huachana nayo kwa shida. Kwa mdogo wake anayetambaa, chupa yenye harufu ya embe ni kama juisi. Mwishoni mwa mwaka 2014 mtoto mdogo alifariki jimboni New York baada ya kumeza nikotini ya maji. Januari 2016 Marekani ikapata sheria inayotaka chupa hizo ziwe na vifuniko ambavyo mtoto hawezi kuvifungua. Chupa iliyojazwa upya chumbani haina ulinzi huo.

Sheria inafika wapi

Sheria ya Tanzania ya udhibiti wa bidhaa za tumbaku ni ya mwaka 2003, mwaka uleule Hon Lik alipobuni kifaa chake. Inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18, lakini ilitungwa wakati tumbaku ilimaanisha sigara ya karatasi, kiko na ugoro. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilipiga marufuku kabisa uingizaji na uuzaji wa sigara za kielektroniki. Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilizitaka serikali kuchukua hatua za haraka kuwalinda watoto, likieleza kuwa nchi 88 zilikuwa hazijaweka umri wa chini wa kununua bidhaa hizo.

Sheria ya kuuza humgusa muuzaji. Mtoto anayeunganisha betri ya kompyuta mbovu na waya wa fundi redio hajanunua sigara kwa mtu yeyote. Hapo mlinzi wa kwanza ni mzazi.

Mzazi afanye nini

Kupiga kelele na kukivunja kisanduku hapohapo si njia nzuri. Betri ikipondwa au kutupwa motoni inaweza kulipuka, na mtoto aliyeaibishwa ataficha mbali zaidi. Kisanduku kitolewe ndani ya nyumba, kiwekwe mahali pakavu mbali na vitu vinavyoshika moto. Ncha za betri zifunikwe kwa gundi ya utepe, kisha zipelekwe kwa fundi anayezifahamu. Betri iliyovimba au inayotoa harufu isichajiwe tena.

Mazungumzo yaanze kwa swali. “Mwanangu, nieleze, hiki kinafanyaje kazi?” Mtoto anayependa ufundi ataeleza, na katika kueleza atasema kama anavuta, alianza lini na na nani. “Samahani mama, tulikuwa tunajaribu tu,” yaweza kuwa kweli, na yaweza kuwa nusu ya ukweli. Anayekohoa mara kwa mara, anayebanwa kifua, au asiyetulia wala kulala akikosa kifaa chake apelekwe kituo cha afya, na daktari aelezwe bila kuficha alichokuwa akivuta. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Aliyeungua kwa betri amwagiwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala yai, kisha awahishwe hospitali na ielezwe kuwa ni betri. Mtoto aliyemeza kimiminika asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa. Nyumba ikishika moto, watu watoke kwanza, kisha ipigwe namba 114 ya zimamoto.

Linabaki suala la kipaji. Kijana aliyeweza kuunganisha koili, betri na kidhibiti bila mwalimu ameonyesha akili ambayo wazazi wengi huilipia ada. Kidhibiti hichohicho cha volti, chini ya macho ya fundi, kinaweza kutumika kwenye taa ya sola ya kusomea au chaja ya simu ya bibi kijijini. Zipo karakana za mafundi mjini, na vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha umeme na elektroniki.

Mama wa Nkuhungu ana kazi mbili kabla likizo haijaisha: kumwondolea mwanawe sigara mkononi, na kumtafutia fundi wa kukaa naye ili ufundi usipotee pamoja nayo.