Mizani Haina Haya

Juzi usiku, barazani petu Mombasa, palizuka mjadala. Mpwa wangu asomaye chuo kikuu alishikilia kwamba jema na baya ni mapenzi ya mtu tu, kama pilipili: huyu aipenda, yule haitaki. Mwenziwe akampinga: "La, sayansi itatupimia." Akamtaja Sam Harris, Mmarekani aliyeandika mwaka 2010 kwamba jema ni lile liletalo ustawi wa viumbe, na ustawi hupimika. Wakanigeukia. "Mjomba, wewe wasemaje?"

Niliwapa kisa cha Tuskegee, Alabama. Mwaka 1932 idara ya afya ya serikali ya Marekani ilianza kuwachunguza wanaume weusi 600 hivi. 399 kati yao walikuwa na kaswende. Wakaambiwa wana "damu mbaya" tu. Miaka ya 1940 penisilini ikathibitika kuwa ndiyo dawa. Hawakupewa. Madaktari walitaka kuona ugonjwa utakavyowala hata kaburini. Wakapima, wakaandika, miaka 40, hadi magazeti yalipofichua mwaka 1972.

Basi, msomaji, hapo elimu ilipungua wapi? Maradhi yalijulikana, dawa ilijulikana. David Hume, Mskoti, alikwisha kuonya mwaka 1740: watu huruka kutoka "ndivyo ilivyo" hadi "ndivyo ipasavyo" bila ya kueleza wamevukaje.

Mpwa wangu akatabasamu, akidhani ameshinda. Nikamwambia, ngoja. Ikiwa jema ni pilipili, basi madaktari wale walikuwa na ladha yao, wagonjwa na yao, na hapana aliyedhulumiwa. Nani atakwenda kumwambia hayo mjane wa Tuskegee? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu: ni daktari gani kati yao angekubali mwanawe anyimwe sindano ile? Rais Clinton alipoomba radhi mwaka 1997 hakusema kwamba ladha zimegeuka. Alikiri kuwa serikali ilitenda la aibu.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu alitukanya tusipunje vipimo. Mizani hukwambia ratili ngapi, haikwambii usiibe. Hata hivyo aliyepunjwa amepunjwa, ajue asijue, na mizani ndiyo shahidi wake.

Sayansi, kwa maoni yangu, ni shahidi huyo. Tumwite, tumsikize, tusimfiche. Lakini kiti cha kadhi si chake. Na kiti hicho kikiwa kitupu, shahidi ataandika daftari lake miaka 40, na watu wanakufa.